Stendi za Pini za Tani 3: Leo Nalala Chini ya Hiace Yangu

Habari zenu wadau. Hii Hiace ndiyo ile niliyoigeuza nyumba: kitanda, jiko la gesi, tangi la maji la lita 60. Leo nabadilisha raba za ekzosi, uvunguni naingia mwenyewe, kwa hiyo stendi hizi, yaani vile vyuma vya kushikilia gari likishanyanyuliwa, zinajaribiwa kwa mgongo wangu.

Tuanze na jeki. Hii ya chupa inanyanyua vizuri tu. Lakini tazameni hapa shingoni, mnaona oili inavyong'aa? Sili, ile raba ya kuzuia oili isitoke, imechoka. Juzi niliiacha na mzigo nikaenda kunywa chai, narudi gari limeshuka karibu inchi nzima, kimyakimya. Chini ya jeki peke yake silali, hata iwe mpya. Na tofali za saruji msiniambie kabisa, zile zinapasuka ghafla.

Sasa stendi. Nimechukua za pini, si zile za meno, zinazojishika kwenye meno ya chuma unapozipandisha. Pini yenyewe nene kama kidole gumba, inaingia huku inatokea kule, unaiona kwa macho. Kasoro zipo: matundu yameachana mno, urefu unaoutaka huupati kila mara, na kimnyororo cha pini kimekatika siku ya kwanza. Miguu nayo myembamba, kwenye udongo inazama, ndiyo maana nimetandika ubao. Halafu someni kibandiko: hizi tani 3 ni za jozi, si za kila moja.

Hapa sasa ndipo wengi wanapojichanganya. Hiace hii inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Gia inashika nyuma, handbreki inashika nyuma. Ukishayanyanyua hayo, ya mbele hayashikwi na kitu, gari linaweza kuteleza likaangusha stendi. Kwa hiyo kabari kwenye matairi ya mbele, pande zote mbili za kila tairi, kabla hujagusa jeki. Sakafu iwe tambarare, tangi la maji tupu, gesi imefungwa, na ndani asibaki mtu. Mwanangu alishawahi kurukaruka kitandani mule mimi nikiwa chini!

Stendi zinakaa chini ya ekseli, karibu na springi, si kwenye tumbo la difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli. Shusha taratibu, halafu sukuma gari kwa bega, hivi... Limetulia. Tairi la akiba nalisukumia chini ya chasisi, ubavuni, liwe kinga stendi zikianguka.

Nazipa nane kwa kumi, mbili nimekata kwa yale matundu na kimnyororo. Haya, nishikie kamera, naingia.