Uniti zipo, shida ni kadi: safari yangu ya Brussels na Utrecht kwa gari la umeme

Hapa nyumbani Reading, Uingereza, nachaji gari usiku kwa peni 7 uniti moja, tena nimelala. Kwa hiyo mke wangu alipopanga likizo ya Pasaka ya 2025, kwanza Brussels, Ubelgiji, kwa dada yake halafu Utrecht, Uholanzi, habari ya umeme haikunipitia kichwani kabisa. Gari letu ni Kia e-Niro ya 2020, betri ya uniti 64, kwenye karatasi linakwenda kilomita 455. Kwenye karatasi. Mkiwa wanne na mabegi, baridi ya Aprili bado ipo, hesabu 320 na ushukuru Mungu.

Folkestone tukapanda na gari treni ya chini ya bahari, dakika 35, ukishuka Calais, Ufaransa, unaanza kuendesha upande wa kulia. Betri asilimia 41. Isingetosha kufika Brussels hata kwa maombi, nami si mtu wa maombi ya namna hiyo. Nikasema tuchaji hapohapo.

Kituo chenyewe sikitaji jina. Mashine nne, taa za kijani, hakuna foleni, nikajiona mjanja. Kufika karibu, sehemu ya kugusisha kadi ya benki imebandikwa karatasi ya Kifaransa ambayo haikuhitaji mkalimani. Programu yao nayo haikupatikana kwenye simu yangu, kwa kuwa akaunti yangu ni ya Uingereza. Ikabaki ile alama ya mraba ya kupiga picha na simu. Ukurasa ukafunguka, nikajaza namba za kadi, benki ikatuma ujumbe wa kuthibitisha, kurudi kwenye ukurasa: muda umekwisha. Mara ya pili vilevile. Upepo wa bahari unanipiga masikio, watoto ndani wanauliza, “Baba, bado?” Mara ya tatu mashine ikaguna, umeme ukaanza kuingia. Nikanunua uniti 24 kwa senti 79 za euro kila moja, kama euro 19 hivi. Jioni ndipo nikaona kwamba kila nilipojaribu, euro 50 zilizuiwa kwenye akaunti. Mara tatu. Yaani 150 zimefungwa kwa ajili ya umeme wa 19.

Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Aprili 2024 inataka kila chaja mpya ya umma yenye nguvu ya kilowati 50 kwenda juu ipokee kadi ya benki papo hapo. Zile za zamani zilizo kwenye barabara kuu zimepewa hadi mwanzoni mwa 2027. Kwa hiyo ukiona mashine imechakaa, usiiamini; ukiona ina kisehemu cha kugusisha kadi kinachowaka, shuka kwenye gari kwa amani.

Lakini kilichonichosha zaidi ni bei. Mimi nimekulia Tanga na LUKU: unalipa, unabonyeza namba, uniti zinaingia, kwisha. Huko Ulaya mashine ni ileile, plagi ileile, ila bei inategemea umeshika kadi ya nani. Karibu na Ghent nilisimama mbele ya chaja moja nikiwa na kadi ya benki na kadi mbili za kuchajia, zile zinazokubalika kwenye vituo vya makampuni mbalimbali. Ya benki: senti 77. Kadi ya kwanza: 59. Ya pili: 84. Zipi ni zipi haisaidii kusema, kwa sababu kituo kilichofuata zilibadilishana nafasi. Nikawa nachagua kama mtu anayebonyeza nyanya sokoni. Bei ya kila kadi inaonekana kwenye programu yake kabla hujachomeka, basi angalia kwanza. Mwenye kadi moja analipa anachoambiwa.

Jambo jingine: usihangaikie mashine kubwa. Gari langu halipokei zaidi ya kilowati 77 hata ulichomeke kwenye mashine ya 350, na likishapita asilimia 80 linaanza kunywa kwa kijiko. Mashine ya 100 yenye bei nafuu inanitosha. Vituo vya Tesla navyo, ambavyo kuanzia Novemba 2021 huko Uholanzi walianza kuvifungulia magari ya wengine, kebo zake ni fupi. E-Niro inachomekewa puani, kwa hiyo nilisogea mbele tu na ikafika. Mwenye tundu kwenye ubavu usiofaa atajikuta anaziba nafasi mbili.

Uholanzi ndiko nilikofurahi. Mchana kwenye barabara kuu nyingi mwisho ni kilomita 100 kwa saa, na kwa mwendo huo betri inadumu kweli. Vituo vya Fastned vina paa la manjano unaliona kwa mbali, bei imeandikwa, unagusisha kadi ya benki, unaondoka. Mitaani nguzo za kuchajia zimejaa. Unatumia kebo yako mwenyewe, kwa hiyo usiiache nyumbani kama nilivyotaka kufanya ili begi la watoto lipate nafasi.

Utrecht tulilipa senti 38 kwa uniti kwenye nguzo ya mtaani, nikalala. Saa kumi na mbili asubuhi nakwenda kuchomoa, kebo haitoki. Navuta, wapi. Nagusisha kadi, taa inageuka nyekundu. Nikafungua gari, nikafunga, nikafungua tena. Mzee mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa akasimama, akaangalia kadi yangu, akauliza kwa Kiingereza kama ndiyo niliyoanzia. Nikamwambia ndiyo. Akatingisha kichwa akaenda zake. Nikakumbuka: jana usiku mikono yangu ilikuwa na mizigo, aliyegusisha ni mke wangu, kwa kidude cha kuchajia kilicho kwenye funguo zake, kinachofanya kazi kama kadi. Nguzo humwachia kebo yule yule aliyeifunga. Nikapanda ngazi kumwamsha. “Yaani umeniamsha nikufungulie waya?” Kile kidude kikagusa, ndani ya nguzo kukalia tak, kebo ikatoka.

Jumla ya umeme tulionunua nje ya nyumbani ni uniti 152, euro 84. Ningerudia safari? Ndiyo, hata kesho, ila kadi ningeagiza wiki tatu kabla, maana zinakuja kwa posta, na Calais ningepita moja kwa moja hadi kituo kinachofuata.

Zile euro 150 zilifunguliwa siku ya tisa. Risiti ya Kifaransa ilikuja siku ya kumi na moja, na jina langu wameliandika kinyumenyume.