Gmail yangu: safari hii nimeifungua kwa mkono wangu

Mimi nashona kofia za vito, zile za vitundu vilivyozungushwa uzi, hapa Langoni, Lamu, na wateja wangu wengi wako mbali, kwa hiyo barua pepe kwangu ni chombo cha kazi kama sindano. Akaunti yangu ya kwanza niliipoteza, na sikuipoteza kwa kusahau nywila. Haikuwa yangu tangu siku iliyofunguliwa.

Nilikuwa nataka PIN ya kodi, na iTax, mtandao wa kodi wa serikali ya Kenya, haikusajili bila barua pepe. Nikaenda saiba moja ya mjini, duka la intaneti, kijana akanifungulia upesi upesi, nikalipa, akanipa kikaratasi chenye anwani na nywila. Namba ya simu aliyoiweka ilikuwa yake. Sikuuliza, nami sikujua kwamba ni jambo la kuuliza. Miaka miwili baadaye nilibadilisha simu. Kila nikijaribu kuingia, natakiwa namba za uthibitisho, nazo zinakwenda kwenye laini ya yule kijana, naye keshahama na duka limefungwa. Barua zote za wateja zimebaki humo, na picha za kofia ambazo zimeshauzwa na sitaziona tena. Kofia moja ni kazi ya miezi. Iliniuma sana.

Mwaka jana mtoto wa dada yangu alikuja likizo. Tukakaa barazani baada ya alasiri, nikampa simu anifungulie Gmail. Akanirudishia. "Khaloo, andika wewe. Mimi niko hapa."

Niliandika herufi moja moja, jina, tarehe ya kuzaliwa, mpaka tukafika kwenye anwani. Jina langu lilikuwa limeshachukuliwa. Nikatia nukta katikati nikidhani nimepata dawa, wapi! Kumbe kwa Gmail nukta haihesabiwi: jina lenye nukta na lisilo nayo ni anwani moja. Nikatanguliza neno kofia, likakubali. Ujumbe wa uthibitisho ukaingia kwenye laini yangu mwenyewe, mkononi mwangu. Nilifurahi kama mtu aliyepewa ufunguo wa nyumba yake.

Kisha akanifungulia uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila peke yake haitoshi kuingia, na hapa nawaomba msipite haraka. Ukishauwasha, unaweza kutoa namba 10 za akiba, kila moja ina tarakimu 8 na hutumika mara moja tu. Simu ikianguka baharini au laini ikipotea, hizo ndizo zitakazokuingiza. Mimi nimezinakili kwa kalamu, ziko ndani ya mkebe wa nyuzi. Nimeweka pia barua pepe ya dada yangu kuwa ya kurejeshea akaunti.

Katika matumizi ya kila siku nimeridhika. Simu yangu iko kwa Kiswahili na Gmail nayo inasoma Kiswahili. Kila kofia naipiga picha tano, moja ya karibu kabisa mpaka mteja aone uzi ulivyozunguka kila kitundu, na zote zinakwenda katika barua moja maana kikomo ni MB 25. Siku moja nilimtumia mteja wa Mombasa bei iliyokuwa ya mtu mwingine. Nikaona kosa papo hapo, nikabonyeza lile neno la kutengua linalotokea chini kwa sekunde chache, barua ikarudi kabla haijafika. Moyo ulikuwa umeshaniruka.

Nafasi ya bure ni GB 15, lakini ni ya barua, Drive (ghala la mafaili la Google) na picha zote kwa pamoja, kwa hivyo ukihifadhi video za harusi humo itajaa. Barua taka hufutwa baada ya siku 30, nami hupekua humo kila Ijumaa. Na nyinyi mliofungua akaunti kwa ajili ya eCitizen tu, ule mtandao wa huduma za serikali, mkaiacha, ingieni: akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili Google wanaweza kuifuta.

Jirani yangu alitaka nimfungulie yake kwa simu yangu. Nimekataa, na nimemweleza sababu. Kesho anakuja na simu yake, laini yake, na kalamu.