Tahadhari kwa wanaopiga Windows mjini: usinunue ufunguo kabla hujatizama ulionao

Assalam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba.

Kuna fundi wa kompyuta hapa mjini, upande wa Darajani, anafuta laptopu za watu, anawawekea Windows isiyokuwa yao, kisha anawauzia ufunguo (namba ya leseni, wenyewe huiita kii) wa kuiamilisha, yaani kuithibitisha kuwa ni halali. Jina lake sitaliandika wala jina la duka. Nataka mchezo wenyewe mujue unavyochezwa, maana tangu nianze kuuliza nimeambiwa wapo na wengine wanaoujua.

Mpwa wangu anasoma chuo, Tunguu. Laptopu yake alinunuliwa mpya, imo ndani ya boksi, na ilikuja na Windows 11 Home. Ikawa nzito, akaipeleka kwa fundi huyo ipigwe Windows upya. Alipokwenda kuichukua akaambiwa kazi ni shilingi 20,000, "lakini dada, mashine yako haikuja na leseni, haikubali kuaktiveti, lazima ununue kii." Hiyo kii shilingi 45,000 nyengine. Akalipa. Akapewa kikaratasi chenye herufi na tarakimu 25, makundi matano ya tano tano, kimepigwa na laminesheni juu yake. Sisi tukishaona laminesheni, basi, tumekwisha kuamini.

Ulipopita muda wa kama nusu mwaka, kona ya chini ya skrini upande wa kulia yakatokea yale maandishi ya kumtaka aiamilishe Windows. Akarudi dukani. Fundi hakuona hata haya: "Siku hizi kii zinalipiwa kila miezi sita, Microsoft wamebadilisha utaratibu." Alipe tena 45,000. Hapo ndipo binti aliponiletea mimi, kwa kuwa kazini kwetu mimi ndiye ninayehangaika na kompyuta za ofisi.

Hakuna leseni ya Windows ya nyumbani inayolipiwa kila miezi sita. Ukiipata kihalali, imo ndani ya mashine ile mpaka mashine ife. Lakini hiyo miezi sita hakuitoa hewani, na ndiyo iliyonionesha alichofanya.

Microsoft wana utaratibu unaoitwa KMS, uliotengenezwa kwa ajili ya taasisi kubwa, vyuo, benki, wizara. Badala ya kila kompyuta kuwa na ufunguo wake, inakuwapo seva moja, kompyuta kuu, pale pale kwenye taasisi inayoziamilisha zote. Uamilisho huo hudumu siku 180. Kompyuta hujaribu kuurefusha kila baada ya siku saba kwa kuwasiliana na ile seva, na isipoipata siku zinahesabika mpaka zinakwisha. Fundi wetu hana seva ya taasisi yoyote. Anachotumia ni kreki, kiprogramu kinachojifanya ndiyo seva. Siku 180 zikimalizika unarudi mwenyewe kwa miguu yako na pesa mkononi.

Na kreki hizo mara nyingi hazikubali kuingia mpaka kinga ya virusi izimwe kwanza. Kwenye laptopu ya mpwa wangu Defender, kinga ya virusi ya Windows yenyewe, ilikuwa imezimwa, na kulikuwa na folda iliyowekwa kando isikaguliwe kabisa. Miezi yote hiyo mtoto anaingiza nywila ya chuo, ya barua pepe, anafungua flashi za wenzake. Mimi hili limeniudhi zaidi kuliko zile pesa.

Sasa lililo kubwa. Tangu zama za Windows 8, mwaka 2012, watengenezaji wa laptopu huuandika ufunguo ndani ya mashine yenyewe, kwenye ile BIOS (programu ya msingi iliyomo kwenye madabodi, ule ubao mkuu wa mashine), sio kwenye hadidiski. Ukifuta kila kitu, ufunguo haufutiki. Unapopiga Windows upya, programu ya kusakinisha huusoma wenyewe, inachagua toleo linalolingana nao, wala haikuulizi kitu. Ukishaunganisha intaneti inajiamilisha. Ndiyo sababu chini ya laptopu za miaka hii huoni stika yenye ufunguo kama zile za enzi ya Windows 7.

Kwa hivyo mpwa wangu alikuwa na ufunguo wake halali tokea siku ya kwanza, ufunguo wa Home. Fundi alichofanya ni kumwekea Pro, toleo jengine la Windows, kwa makusudi. Ufunguo wa Home hauamilishi Pro, hata ungeungojea mwaka mzima. Hapo sasa akapata la kusema: mashine haina leseni. Ni sawa na mtu kukubadilishia kitasa cha mlango usiku, asubuhi akaja kukuuzia funguo.

Namna ya kujua ni nyepesi, na hapana haja ya kumwita mtu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kitatokea kisanduku, andika hivi na ubonyeze Enter:

slmgr /xpr

Ngoja kidogo, litatokea dirisha dogo. Kama Windows imeamilishwa, ama litasema imeamilishwa daima (kwa Kiingereza "permanently"), au litakutajia tarehe ya mwisho. Ukitajiwa tarehe na laptopu ni yako mwenyewe, si ya ofisi wala ya chuo, umeuziwa KMS. Lakini ukiona "daima" usishangilie haraka, zipo kreki zinazoweza kuonesha hivyo pia. Ongeza na hii:

slmgr /dli

Hii inakupa mambo matatu: toleo ulilonalo, njia ufunguo ulipotokea, na herufi tano za mwisho za ufunguo uliomo. Kwenye njia, ukiona OEM_DM, ufunguo ni ule uliozaliwa na mashine, na kama kuna mtu alikutoza pesa kwa ajili yake basi amekuuzia mali yako. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT, ni hadithi ya mpwa wangu. VOLUME_MAK ni ufunguo wa taasisi wenye idadi maalumu ya kompyuta; ukiukuta kwenye laptopu yako ya nyumbani, kuna pahala umetolewa bila ya ruhusa na siku yoyote unaweza kufungiwa.

Halafu chukua kikaratasi chako ulinganishe zile herufi tano za mwisho. Za mpwa wangu hazikulingana. Kile kikaratasi chenye laminesheni hakikuwahi hata kuingizwa kwenye mashine! Kilikuwa pambo.

Na kuna wanaouza funguo zinazoishia 3V66T kwa Pro au 8HVX7 kwa Home. Hizo ni funguo za jumla za kusakinishia tu, zinajulikana dunia nzima, na peke yake haziamilishi chochote. Tahadhari hapa musije mukamtukana fundi asiye na kosa: tangu Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 kuna leseni ya kidijitali, ambapo seva za Microsoft zinaikumbuka mashine yako kwa vifaa vyake, khasa madabodi. Mashine ya namna hiyo ikipigwa Windows upya inajiamilisha bila ya kuandika ufunguo, na ukitazama utaziona herufi hizo hizo za jumla. Hiyo ni halali kabisa. Kosa ni mtu kukuandikia ufunguo huo kwenye karatasi akataka pesa.

Ukitaka kuona kama mashine yako ina ufunguo ndani, fungua PowerShell (dirisha la kuandikia amri lililomo ndani ya Windows) uandike:

(Get-CimInstance -ClassName SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Ukitokea mstari wa herufi 25, ndio huo. Uandike daftarini, uweke na vyeti vyako. Usiupige picha ukaurusha kwenye kundi la WhatsApp kuuliza "jamani hii ndiyo yenyewe?" Ukishauona mwengine, ni wake na yeye. Isipotokea kitu, usihukumu kwamba huna leseni. Huenda unayo ya kidijitali.

Ya mpwa wangu tuliimaliza nyumbani. Tulihamisha kazi zake za chuo kwenye diski ya nje, tukatengeneza flashi ya kusakinishia (inatosha ya GB 8) kwa programu ya Microsoft yenyewe inayopatikana bure kwenye tovuti yao, tukafuta kila sehemu ya hadidiski na kupiga upya. Haikuuliza ufunguo. Ikachagua Home. Ilipopata intaneti ikaamilika. Gharama ilikuwa bando tu, na bando la kupakua Windows nzima si dogo, nalijua hilo; aliye na intaneti ya ofisini aitumie. Kama kwenu itauliza ufunguo, kwa chini kuna maandishi madogo ya kusema huna. Bonyeza hapo uendelee, lakini chagua toleo lile lile ulilokuwa nalo mwanzo. Toleo likipishana ndipo tabu inapoanzia. Kisha tukabadilisha nywila zake zote, na hili wengi hulisahau.

Kabla hujampa fundi yeyote laptopu, fanya zile amri mbili za slmgr kwanza, upige picha ya matokeo ubaki nayo. Siku ya kuichukua, zifanye tena mbele yake kabla hujatoa pesa. Fundi mkweli hatokasirika, na mafundi wakweli wapo wengi hapa mjini, tusiwachafue wote. Mwambie kwa mdomo kabisa: "Niwekee toleo lile lile." Na usimwachie nywila ya akaunti yako ya Microsoft. Kama laptopu yako ni ya Windows 11 huenda diski imefungwa kwa usimbaji, yaani haisomeki bila ya ufunguo wake, bila ya wewe kujua. Akiingia kwenye BIOS akabadilisha mambo, mashine inaweza kudai ufunguo mwengine kabisa, wa tarakimu 48. Huo haununuliwi kwa mtu. Kwa kawaida unakuwa umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, ingia uutazame mapema.

Vitisho vyao navyo muvijue. "Usipolipa, kompyuta itajifunga na mafaili yatapotea." Uongo. Windows isiyoamilishwa inaendelea kufanya kazi. Inakuudhi kwa maandishi pale kwenye kona, na inakunyima kubadilisha picha ya ukutani na mapambo mengine. Mafaili yako hayaguswi. "Windows 10 imefungwa, kii zote zimekufa." Uongo nusu, na wa nusu ndio hatari zaidi. Ni kweli kwamba Windows 10 imefikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa maana ya kutopata tena marekebisho ya usalama ya kawaida. Lakini leseni haikufa. Na kama mashine yako inafaa kwa Windows 11 (iwe na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel kwa kawaida kuanzia kizazi cha nane), kuhama kutoka 10 halali kwenda 11 ni bure, ufunguo mpya hauhitajiki. Kwa wale wenye stika ya Windows 7: zamani ufunguo wake uliweza kuamilisha 10, lakini Microsoft waliufunga mlango huo mwaka 2023. Anayekuuzia namba alizozinakili chini ya laptopu za mtumba anakuuzia kitu kisichokufaa.

Kwa ndugu zetu wa Pemba hili ni zito zaidi, maana laptopu za mtumba munaagizia mjini, pesa zinatumwa kwa simu, mzigo unapanda meli Malindi unateremka Mkoani au Wete, na ukiwa na kasoro nauli ya kuurudisha inakula faida yote. Mwambieni muuzaji akutumieni video, si picha, ya hizo amri mbili zikiandikwa kwenye mashine ile ile, na nambari ya mashine ionekane kwenye video hiyo hiyo. Laptopu nyingi za mtumba zilikuwa za maofisini, na mara nyingi zina ufunguo wa Pro ndani yake. Muuzaji anayeongeza bei "kwa ajili ya Windows orijino" aulizwe: ya ndani ya mashine, au umeitia wewe?

Dai risiti, na iandikwe umelipia nini. Mpwa wangu hakupewa, na fundi sasa anasema zile 45,000 zilikuwa za "matengenezo". Tume ya Ushindani Halali wa Biashara ipo hapa hapa Zanzibar, lakini kikaratasi chenye laminesheni kisicho na jina, tarehe wala muhuri kitamshitaki nani?

Aliye na kikaratasi kama hicho, cheupe, chapa nyeusi, laminesheni imekatwa pembe, naomba aniandikie kwa faragha kabla hajaenda kugombana dukani. Nataka kujua kama sote tumepewa ufunguo mmoja. Nitumieni herufi tano za mwisho peke yake, nyengine zote muzizibe.