Mnaopanga karakana nyumbani, someni hii kabla hamjaenda Gerezani, Dar, kununua msumeno wa meza

Nyota ngapi nitoe sijui. Nilianza na sifuri, nikapandisha mpaka nne, sasa hivi naandika hapa naona zinashuka tena. Duka silitaji, sitaki kesi na mtu. Ni Gerezani, wanauza mashine za mbao, inatosha.

Nina banda nyuma ya nyumba huku Kivule, lilijengwa la kuku, kuku wakaisha kama kuku wa watu wengi wanavyoisha, nikasema basi hili nalifanya karakana yangu ya jioni na wikiendi. Watu wengi wakipanga karakana wanaanza na benchi, mimi nilianza na msumeno maana mbao zetu ni za futi 12, ukitaka kuichania yote kwa urefu unahitaji karibu futi 12 mbele ya mashine na nyingine 12 nyuma yake, na banda langu halifiki hata futi 17. Kwa hiyo nikatoboa kidirisha ukuta unaotazamana na mlango, usawa ule ule wa meza ya mashine, mbao inaingilia mlangoni inatokea dirishani. Jirani alicheka sana, sasa hivi na yeye anataka kutoboa.

Umeme nao sikuufanyia ubahili. Fundi alivuta waya wa milimita 4 kutoka meinsuichi mpaka bandani, na breka yake peke yake ya ampea 20, sio yale mambo ya ekstenshen nyembamba kutoka sebuleni, waya mwembamba ukiwa mrefu unakula volti na mota inachemka bure. Na kwenye bajeti wekeni LUKU, mkiwa D1, ile bei nafuu ya watumiaji wadogo, halafu karakana ikawapitisha zile uniti 75 kwa mwezi mnahamishiwa T1, bei ya matumizi ya kawaida, na bei mtaiona wenyewe. Nayasema haya ya umeme mapema makusudi, mtaelewa huko chini kwa nini damu ilinichemka.

Siku ya kununua, jamani, wewe ni bosi. Bosi kaa hapa, bosi maji, bosi hii ni mota ya hospawa 3 ya shaba tupu. Halafu ile ya kila siku, "bosi unataka na risiti au bila risiti?" Nikasema na risiti, sura ikabadilika kidogo na bei ikapanda na VAT yake, nikalipa laki nane na ushee roho safi. Wakapakia kwenye kirikuu mpaka nyumbani. Nikaifunga, nikachania paina vipande kadhaa, safi kabisa, nikalala nimefurahi kama mtoto.

Kesho yake nawasha, mmmmmmm. Inaunguruma, haizunguki. Nazima, nawasha, mmmmmmm.

Basi kirikuu tena, foleni ya Banana tena, nikaingia dukani. Yule yule dogo wa "bosi maji" yuko kwenye stuli anaangalia marudio ya mpira kwenye simu, sauti juu. Nikamsalimia mimi. Mimi mwenye mvi. Shikamoo wala sikuitegemea, lakini hata "poa" imemshinda? Nikamweleza shida, akanijibu bila kuinua kichwa, "umeme wako mdogo huo mzee." Jana bosi, leo mzee!

Nikamwambia kijana, fundi amepima pale pale kwenye soketi, volti 226. Akasema, "sisi tunauza mashine, hatuuzi umeme." Sasa niwe mkweli, hilo la umeme mdogo sio la kutunga, kuna mitaa huku jioni watu wakirudi na majiko yao na mapasi feni inazunguka kwa huruma, na mota ikikosa volti kweli inaungua. Angeuliza vizuri, waya gani, umbali gani, muda gani, ningemjibu na tungeelewana. Hakuuliza kitu. Alishanihukumu.

Nikasema sawa, mashine iko nje kwenye gari, shusheni mchomeke hapa hapa kwenye umeme wenu mkubwa. Wakashusha kwa kununa. Wakachomeka. Mmmmmmm. Wateja wengine wamegeuka, mimi moyoni nasherehekea, nasema leo dogo ataomba radhi. Mnajua alichosema? "Si umeona, umeshaiunguza huko kwako."

Aise.

Nikaomba mwenye duka. Akatoka ndani, akasikiliza nusu, akanyoosha kidole ukutani palipobandikwa karatasi MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nikamwambia mzee mwenzangu, hiyo karatasi umeprinti mwenyewe, mimi sikurudishii kitu nilichokichoka, nakurudishia kibovu, risiti ya EFD hii hapa, na Tume ya Ushindani ipo hapa hapa mjini, kumlinda mlaji ni kazi yao. Akasema nenda basi. Nikiwa nageuka dogo akamalizia, sio kwa sauti kubwa lakini ya kusikika, "mashine sio redio, sio kila mtu anaweza kuitumia."

Hiyo sentensi bado ninayo mpaka leo. Baba yangu alikuwa seremala Keko, mimi nimeshika randa kabla sijajua kusoma, halafu mtoto wa juzi ananiambia mashine sio redio. Nilitamani kuiacha ile mashine mlangoni kwake izuie wateja.

Mwenye kirikuu ndiye aliyeniokoa, akanipeleka kwa fundi anayesuka mota mtaa wa jirani tu. Yule fundi hata hakuchukua mita. Akafungua msumeno wenyewe, ule wa meno, akauweka pembeni, akawasha, ilipounguruma akausukuma mhimili kidogo kwa mkono, ukaondoka mwenyewe vruuum. Akasema mota nzima, kapasita imekufa. Akanielewesha kwamba mota ya umeme wa njia moja haiwezi kujianzisha yenyewe, ni kapasita ndiyo inaipa ule msukumo wa kwanza, ikifa inabaki kuunguruma na ukiiacha hivyo ndipo inaungua kweli. (Msijaribu hiyo ya kusukuma msumeno ukiwa umefungwa, mtaacha mkono pale.) Kapasita mpya sh 15,000 pamoja na ufundi. Kirikuu imenila zaidi ya ugonjwa wenyewe. Yani elfu kumi na tano ndiyo walishindwa kuniwekea, wakaona bora wanitukane!

Sasa hapa ndipo ninapochanganyikiwa, maana mashine yenyewe ni nzuri. Nzuri hasa. Meza ni chuma cha kumimina, haitetemeki, nimechania mninga wa inchi mbili haijalalamika, ubao unatoka umenyooka kiasi kwamba randa inapita kwa heshima tu. Nimeshatengeneza kabati la vyombo na mama watoto ambaye alikuwa anaita hii kitu "laki nane zako" sasa anawaonyesha wageni. Kwa wiki kadhaa nilikuwa namwambia kila mtu kanunue, dogo mvumilie tu.

Halafu juzi paina mbichi ikanibania. Paina ya Mafinga ikija haijakauka, ukiichania inajifunga nyuma ya msumeno, yale meno ya nyuma yanayopanda juu yanainyanyua na kuirusha kwako. Ilipita pembeni ya ubavu ikagonga mlango. Kuna kibati kidogo kinakaa nyuma ya msumeno kuzuia mbao isijifunge, kwenye kitabu cha mashine kimechorwa, kwenye boksi hakikuwemo. Na nilikiulizia siku ile ile ya kununua, nikajibiwa "hiyo mafundi wote wanaitoa bosi." Wote wanaitoa, sawa, na mafundi wangapi mnawajua wana vidole kumi kamili? Hapo nyota nne zikarudi mbili. Moja ya meza, moja ya yule fundi wa kapasita ambaye hata sio wa duka lao.

Nimekitafuta hicho kibati Kariakoo nzima. Vipo vya mashine nyingine, haviingii. Mwenye nacho, nimeambiwa, ni lile lile duka, wanakiuza peke yake kama spea. Mimi pale siingii tena. Jumamosi namtuma shemeji, na nimemwambia asitaje Kivule.