Boksi la saketi za watoto: mota safi sana, ila hicho kifuniko cha betri jamani

Nimekaa na hili boksi miezi miwili saivi kwa hiyo naongea kitu nnachokijua. Ni yale maboksi ya sayansi ya watoto yanayouzwa mtandaoni, ndani mna vitaa vya LED, mota mbili ndogo, panga za plastiki kama za feni, swichi, kishikio cha betri mbili, waya zenye vibanio, kengele ndogo na vipande vya shaba na zinki vya kuchomeka kwenye limao. Nililipa 38,000, likaja kwa basi kutoka Dar na 6,000 ya kifurushi juu, nikalipokea stendi hapa Kigoma kona moja imebonyea ila vitu vizima.

Boksi limeandikwa miaka 8 na kuendelea. Mkubwa wangu ana 8, mdogo ana 5, na kiukweli mdogo ndo kalifaidi zaidi maana yeye hasomi maelekezo. Na bora asisome, karatasi yenyewe Kichina kitupu na Kiingereza cha kuunga unga. Siku ya kwanza mkubwa kafunga kitaa hakiwaki, kabadilisha betri hakiwaki, mie mikono inaniwasha nataka nimsaidie nikajibana tu nikaendelea kuchambua dagaa zangu, mara mdogo kakichomoa kakirudisha miguu imebadilishana upande, kikawaka! "Mama, kama taa za wavuvi!" Sisi tuko Katonga, usiku wa giza ukitoka nje ziwa lote linawaka taa za wavuvi wa dagaa, kwa hiyo nilimuelewa. Ndo wakaanza kuuliza kwanini miguu ya kile kitaa haijalingana. Mrefu ndo chanya, mfupi hasi, LED inapitisha umeme upande mmoja tu, ukigeuza inanuna. Baadae mkubwa akatoa betri moja makusudi aone, kikazima, akajua mwenyewe kwamba volti 1.5 haitoshi kitaa cheupe, kinataka kama 3 hivi.

Kwenye malimao ndo wametudanganya. Picha inaonesha malimao mawili na taa inawaka kama ya barabarani, na vipande wameweka vya malimao mawili tu. Hola. Limao moja linatoa kama volti 0.9 na nguvu yenyewe kidogo mno. Tukachukua misumari ya bati, ile imepakwa zinki, na waya wa shaba tuliouchuna kwenye chaja mbovu, tukaunga malimao manne na kitaa chekundu, mpaka tukazima taa ya ndani ndo tukakaona kamwanga kenyewe. Watoto walishangilia utafikiri Simba kafunga. Hela ya malimao ni yako.

Mota sasa ndo zimenunua boksi zima. Wamekata ndala kuukuu wakapachika mota na panga juu, betri katikati, boti hiyo kwenye beseni. Ukibadilisha waya inarudi kinyumenyume. Siku ya pili ikapinduka mota ikazama, mkubwa analia imekufa, babu yao akamwambia usilie mjukuu wangu, meli ya Liemba nayo ililetwa hapa kwenye maboksi kutoka Ujerumani ikaungwa hapa hapa Kigoma ikaingia majini 1915, mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha ila injini walishazipaka grisi, ikaibuliwa 1924 na 1927 ikarudi kazini. Mota tukaianika juani mchana kutwa, jioni ikazunguka. Saivi wanataka grisi kila siku.

Ubaya mkubwa ni ile kengele, inatumia vile vibetri bapa vya saa na kifuniko hakina skrubu, mdogo alikifungua kwa ukucha. Hapo sitanii, mtoto akimeza kibetri kile kikakwama kooni kinaanza kuunguza nyama ndani ya masaa mawili tu, ni mbio hospitali bila kusubiri. Mie kengele nimeitupa na vibetri vyake. Vibanio navyo laini, vitatu vimeshakatika.

Je ununue? Kama una 44,000 isiyo na kazi sawa, ila nilipoenda kwa fundi redio pale Mwanga kutafuta vibanio akacheka, "dada umepigwa", akanifungulia ndoo ya vyuma chakavu akanipa mota ya deki mbovu, vitaa sita, swichi na kishikio cha betri cha redio, vyote 4,000, na wanangu akawaachia bisibisi wafungue redio iliyokufa hapo hapo dukani kwake. Walikaa masaa matatu. Hiyo boksi halina.

Nyota tatu, zote za mota. Muuzaji nilimtumia picha ya kile kifuniko wiki iliyopita, tiki mbili za bluu, kimya mpaka leo.