Riwaya za mapinduzi na uchawi: omba picha ya ukurasa wa hakimiliki kabla ya kutuma pesa

Binti yangu alimaliza riwaya ya Enchantée ya Gita Trelease kwa siku tatu, kifudifudi kwenye mkeka, chakula anaitiwa mara nne. Kisha akaniganda nimtafutie kinachofuata. Hapa Lamu vitabu vya aina hii huagizwa, basi nikamwandikia muuzaji wa Mombasa kwamba nataka cha pili cha mwandishi huyu. Akajibu, "Kipo dada, All That Glitters." Nikatuma pesa. Kikaja kwa basi mpaka Mokowe, kikavuka kwa boti. Mtoto akafungua, akasoma aya moja, akaninyooshea.

"Mama, huyu ni Camille yule yule."

Kitabu ni kimoja, kimetolewa kwa majina mawili na majalada mawili. Ukigeuza ukurasa wa jina, nyuma yake kuna ukurasa wa hakimiliki, na huko, kwa herufi ndogo kama punje za mtama, ndiko utakakoona kwamba kilishatoka kwa jina jingine. Watu huuliza bei, huuliza kama kina picha nzuri juu, huuliza kurasa ngapi. Ukurasa huo hakuna anayeuuliza. Nami sikuuliza. Cha pili cha kweli kinaitwa Everything That Burns, cha 2021.

Hata hivyo, kati ya riwaya za mapinduzi na uchawi, nambari ya kwanza nampa Trelease, wala sibabaiki. Ni Paris ya 1789. Camille, yatima wa miaka 17, anageuza vipande vya chuma kuwa sarafu ili yeye na mdogo wake wale, na uchawi wenyewe unachotwa kwenye huzuni yake. Sarafu zile hazidumu, zinarudi kuwa chuma. Kwa hiyo anapoingia kasri la mfalme la Versailles kucheza kamari kwa jina la kubuni, msomaji anajua njaa iliyomfikisha pale, na gereza la Bastille linapoanguka tarehe 14 Julai anaelewa watu walikasirikia nini. Mwanangu aliniuliza bei ya mkate wa Paris mwaka ule. Kitabu kinachomfanya mtoto aulize bei ya mkate kina thamani yake.

Nambari ya pili kwangu ni Romanov ya Nadine Brandes, ya 2019. Anastasia, binti wa mfalme wa mwisho wa Urusi, anapelekwa na familia yake uhamishoni Siberia akiwa ameficha hirizi ya kale kwenye mizigo yake. Familia hiyo iliuawa Yekaterinburg usiku wa kuamkia Julai 17, 1918, kwa hiyo mweleze kijana mapema wapi historia inaishia na wapi riwaya inaanza. Uzuri wake ni kwamba kimejitosheleza: unanunua mara moja, hakuna kuwinda sehemu ya pili.

The Crown's Game ya Evelyn Skye naiweka ya tatu. Ni Urusi ya 1825, wachawi wawili wanashindanishwa mbele ya mfalme. Uasi wa Desemba mwaka huo dhidi ya mfalme uko kwenye sehemu ya pili, The Crown's Fate, kwa hiyo ukinunua kimoja umenunua nusu. Nunua vyote viwili au acha.

Nakala za kurudufu, zinazotolewa bila idhini, ni za bei rahisi, ndiyo. Lakini nyingine hazina hata huo ukurasa wa hakimiliki.

Kilichoniuma zaidi ni jibu la muuzaji. Nilimpelekea picha za vitabu vyote viwili, vimefunguliwa ukurasa wa kwanza, maneno ni yale yale. Akasema kimeshafunguliwa hakirudi, na kwamba mimi ndiye niliyeomba "cha mwandishi huyu". Nauli ya basi juu yangu, ya boti juu yangu, na kukirudisha pia kungekuwa juu yangu. Sisi wa kisiwani tunalipia kila kosa mara mbili, na wauzaji wanalijua hilo. Picha ya ukurasa mmoja inachukua nusu dakika kwa simu. Siku hizi naiomba kabla ya kuuliza bei, na wawili tayari wameacha kunijibu.