Waliniprintia Kilindini yangu ikawa ndogo

"Kilindini naijua mimi, nimezaliwa hapa. Hii si Kilindini."

Hayo niliambiwa na kijana wa duka moja la kuprinti hapa mjini Mombasa, ramani yangu ikiwa wazi kwenye kompyuta yake na foleni ya watu nyuma yangu. Nimengoja siku kadhaa hasira ipoe. Haikupoa, basi naandika nayo hivyo hivyo.

Sisi ni watu watano. Ijumaa usiku, baada ya isha, hukusanyika kucheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao msimulizi hueleza kisa na wengine huigiza wahusika, kwa kahawa chungu na kashata, na msimulizi ni mimi. Dunia tunayochezea ni Forgotten Realms, ile ambayo Ed Greenwood wa Kanada alianza kuibuni tangu utotoni, ikaja kuuzwa ndani ya sanduku mwaka 1987. Mji wake mashuhuri ni Waterdeep. Siku niliposoma jina hilo niliweka kitabu chini. Mji wa bandari ulioitwa kwa kina cha maji yake! Mimi naishi Likoni, kila asubuhi navuka kwa feri juu ya maji ya Kilindini, na kilindi ni nini kama si maji ya kina? Tangu hapo sikuweza tena kuuacha mji ule ulivyoandikwa; bandari yake nikaiita Kilindini.

Mabwana wa mji wanaotawala kwa kuficha nyuso zao sikuwagusa, maana fitina zote zinatoka kwao. Theluji niliitoa. Mahali pake nikaweka pepo mbili, kaskazi na kusi, na hapo ndipo mchezo wetu ulipobadilika kabisa. Zamani wachezaji wangu wakitaka kusafiri baharini walilipa nauli wakaondoka. Sasa jahazi linakuja na kaskazi, na kurudi ni mpaka kusi ianze. Ukimkosea tajiri wa mji katikati ya majira, utakaa naye mji mmoja miezi mizima, utakutana naye msikitini, sokoni na harusini. Binamu yangu, ambaye siku zote mchezoni akishaiba hukimbia, alilazimika kwenda kuketi mbele ya mtu aliyemwibia na kumwomba radhi, kwa sababu hapakuwa na chombo cha kumtorosha. Meza nzima ilinyamaza kumsikiliza. Hakuna joka lililowahi kutufanyia hivyo. Wengi wanaogeuza dunia za vitabu hubadili majina, wakaishia hapo. Mimi nasema gusa kitu kimoja kitakachowalazimisha watu kuishi tofauti, majina yatakuja yenyewe.

Kisa chetu kikafika kwenye kuzingirwa kwa ngome. Nikaichora kwa kufuata Fort Jesus, ile ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na Waomani wakaizingira kuanzia 1696 hadi wakaitwaa 1698. Kuta, mizinga, ghala, kisima, lango. Nilichora usiku baada ya usiku. Katika ramani za mapigano mraba mmoja ni inchi moja, nao unasimama badala ya futi 5. Sarafu ya shilingi kumi inakaa ndani ya mraba huo vizuri, ndiyo maana wapiganaji wetu ni sarafu.

Kwa hiyo nilimwandikia yule kijana kwenye karatasi, kwa herufi kubwa: saizi A1, asilimia mia, usipunguze. Akauliza ni ya nini. Nikamwambia mchezo.

"Mtu mzima wewe, na ndevu zako, wacheza?"

Nilinyamaza kwa kuwa mwenye shida nilikuwa mimi. Ndipo akaliona jina la bandari, akasema hayo ya kuijua Kilindini, akamwita mwenzake: "Njoo uone, huyu ajichorea Kilindini yake!" Watu wakacheka. Mama mmoja aliyekuja kutoa fotokopi ya kitambulisho ndiye pekee aliyesema, "Mwacheni mwanangu, amewakosea nini?" Mungu amlipe.

Nikapewa karatasi imeviringwa na kufungwa mpira. Nilikuwa na haraka ya kuondoka pale, sikuifungua. Niliifungua usiku, wenzangu wameshakaa. A2, nusu ya karatasi niliyoagiza! Miraba yote imepungua, milimita 18 badala ya 25. Sarafu moja inakalia miraba miwili, walinzi wa lango wamepandana, hujui nani yuko ndani na nani yuko nje ya ukuta. Miezi tumekuwa tukiusubiri usiku huo. Tulikula kashata tukaagana.

Niliporudi dukani kijana aliitazama akasema, "Picha si ni ile ile? Wataka nini tena?" Picha ni ile ile! Maneno hayo ndiyo yanayoniamsha usiku, kuliko hata kicheko. Karatasi yangu yenye maagizo ilikuwa bado iko mezani pake, chini ya kikombe cha chai.

Nilikuwa nimekwisha amua kuwaambieni msikanyage duka lile. Lakini niseme haki. Mwenye duka, mzee mmoja, alisikia sauti zetu akatoka ndani. Alivaa miwani, akasoma maagizo, akachukua rula akapima mraba mmoja. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akaweka kidole katikati ya ngome.

"Hiki kisima?"

"Ndiyo, mzee."

"Umekiweka mbali na lango. Watu wako watakufa kiu."

Akaketi mwenyewe kwenye mashine, akaprinti upya, asilimia mia, hakutaka pesa. Na kazi ilitoka nzuri, wallahi: maji ya kijani karibu na miamba, na mkondo wa kuingilia bandarini mweusi wa kina, kama unavyouona kutoka kwenye feri. Sijaona rangi kama zile kwingine mjini. Basi mzee nampa nyota tano. Yule kijana simpi hata moja, na mzee akinisoma ajue kwamba wateja wake wanachekwa mlangoni.

Ijumaa iliyofuata tuliipigania ngome mpaka karibu na alfajiri. Kisima nimekisogeza kwa kalamu, kiko hatua chache kutoka langoni.